Uzi Uliokatwa na Tumbo

Jirani yetu ana mbwa mwenye manyoya marefu, sijui alimtoa wapi, maana mbwa wote wa Kamina ninaowajua mimi ni ngozi na mbavu tu. Siku nilipoonekana nimemkalisha yule mbwa barazani kwangu, namchana kwa kitana na kuyakusanya manyoya yake kwenye sahani, mtaa mzima ulipata la kusema. Wengine walisema mama wa gare, yaani wa kituo cha treni, amerukwa na akili. Wengine walisema natengeneza dawa. Mimi nikaendelea kuchana. Mbwa mwenyewe alikuwa amefumba macho kwa raha, na kati ya wote waliokuwa uani asubuhi ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na adabu.

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi nasokota nyuzi, na ninazisokota vizuri. Siuzi. Sina duka. Nasokota kwa sababu napenda, kama wengine wanavyopenda karata au kukaa sokoni kuchambua ndoa za watu. Miaka yangu yote ya kazi nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi pale gare, na mtu anayekaa mahali ambapo kila mtu anangoja, mikono yake huanza kutafuta kazi yenyewe. Nilifuma vitambaa vya meza mpaka ndugu zangu wakawa wanajificha nikija na zawadi. Nilipostaafu, binti yangu alinionyesha kwenye simu yake mwanamke wa nchi za baridi akizungusha kijiti hewani, na manyoya ya kondoo yakageuka uzi mbele ya macho yangu. Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia tena. Mwishowe aliniachia simu akaenda kusonga bukari, ugali wetu, nami nikabaki pale nimekodoa macho.

Kijiti changu cha kwanza kilikuwa aibu. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa reli kabla magoti hayajamkatalia, alinipa rondela ya chuma, ile inayowekwa chini ya nati, nikaichomeka kwenye kijiti ili kizunguke kwa uzito. Kilizunguka, ndiyo, lakini kila mara uzi ulikatika na chuma kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Iko wagoni gani tena banafunga mu nyumba?" mume wangu aliuliza kutoka chumbani.

Nilimjibu kwamba kama ana kazi aende akaifanye. Nikaitupa rondela, nikakata kisahani kutoka kwenye kibuyu kilichovunjika, nikakitoboa katikati. Kibuyu ni chepesi. Siku ile nilipata uzi wa urefu wa mkono, wenye vinundu vya ajabu, na nilizunguka nao nyumba nzima nikiuonyesha hata kwa kuku.

Baada ya hapo hakuna kitu chenye nywele kilichokuwa salama. Kondoo wa kwetu hawana sufu ya maana, nywele zao ni fupi na zinateleza, kwa hiyo nilizichanganya na sufu ya sweta kuukuu niliyoifumua. Uzi wa mbuzi uliniwasha mpaka shingoni. Yule mbwa alitoa uzi laini, wa joto, lakini siku uliponyeshewa na mvua ulikumbuka ulikotoka, na nyumba yote ikanuka mbwa. Sufi ya kujazia mito ilikuwa inaruka na kunikimbia vidoleni, haina pa kushika. Migomba nayo niliikata nikaikwangua, nikapata kitu cha kufaa kufungia kuni. Kila nilichoshindwa nilikilalia usiku na kukiamkia asubuhi. Mume wangu alinibatiza Mama Buibui, na nikaona jina hilo linanifaa, maana buibui haombi ruhusa.

Kisha nikapata nanasi. Hapa naomba mtu asinikatize.

Jani la nanasi ukililaza juu ya ubao na kulikwangua kwa kigae cha sahani, ile nyama ya kijani inatoka na maji yake, na chini zinabaki nyuzinyuzi nyeupe, ndefu sawa na jani lenyewe, zinazong'aa. Hakuna aliyenifundisha. Mzigo wa kwanza ulioza kwenye beseni. Wa pili niliuanika juani ukawa mgumu na kuvunjikavunjika. Wa tatu niliuanika kivulini, nikausokota nikichovya vidole kwenye bakuli la maji, na uzi ukaja mwembamba, mrefu, bila kinundu. Uzi mmoja ukiachwa peke yake hujikunjakunja kwa hasira, lakini ukiupota na mwenzake kwa kuzungusha kinyume na ulivyousokota, hasira zao zinakutana na zote mbili zinatulia. Hilo nalo nililigundua kwa kuharibu. Mume wangu aliuchukua ule uzi, akaufunga kwenye bidon iliyojaa maji, yaani dumu zima, akaitundika kwenye boriti. Tulisimama tukiangalia. Bidon ikaning'inia pale mpaka chakula cha mchana kikawa tayari, na uzi haukutikisika. Mume wangu akatoka nje, kisha nikamsikia akimwita jirani: "Njoo uone kintu yenye bibi yangu anafanya!"

Mtu atauliza: na pamba? Pamba ya kweli, ya shambani, ambayo dunia nzima inaisokota? Kwa habari ya pamba palikuwa na mama yangu.

Mama anakaa nasi tangu macho yake yaanze kuingia ukungu. Ni mtu wa kijiji kimoja upande wa Kaniama, mdogo wa umbo, mkubwa wa amri. Alipokuwa mtoto, kila nyumba kijijini ililazimishwa kulima pamba ya Wazungu, utake usitake, hata kama muhogo wako unakufa kwa kukosa palizi. Baba yake alipigwa viboko kwa ajili ya shamba la pamba lenye majani, mbele ya mkewe na watoto wake. Mama alikuwa pale. Siku moja nilirudi na mfuko wa pamba niliyoichuma kwenye miti iliyobaki porini, kando ya njia ya reli. Hakupiga kelele. Aliipapasa, akaitambua, akachukua kigoda chake akaenda kukaa nje juani.

"Pamba haiingie mu nyumba yenye minyi ninalala," alisema. "Kama inaingia, minyi natoka."

Nikaupeleka ule mfuko kwa jirani mwenye mbwa, akauweka stoo kwake. Mimi ni mbishi, kila mtu anajua, lakini kuna mambo hayabishaniwi.

Sasa niwaambie habari ya binti yangu, huyu wa simu, ndiye pekee niliye naye. Alikuwa amezika. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mdogo sana, na alikuwa hanyonyi vizuri. Kwetu, katika ukoo wa mama yangu, mtoto akizaliwa mdogo, nkambo wake, yaani nyanya mkubwa wa nyumba, humfunga uzi kiunoni. Uzi ule haufunguliwi, wala haukatwi kwa kisu, wala wembe, wala mkasi. Chuma hakiugusi. Mtoto anaukata mwenyewe, kwa tumbo lake, siku anaponenepa. Ukikatika, watu wanapiga vigelegele, kuku anachinjwa, na uzi mwingine unafungwa. Lakini uzi ukilegea, ukaanza kushuka mapajani, hapo hakuna anayesema kitu, kwa sababu kila mtu ameona. Yule mtoto wa kwanza alifungwa nailoni ya sokoni. Ilishuka. Binti yangu aliipandisha kila asubuhi kwa vidole vyake, na kila jioni ilikuwa imeshuka tena, mpaka siku ambayo hapakuwa na wa kumpandishia.

Alipojifungua mara ya pili, msichana, kabla ya wakati tena, waliruhusiwa kutoka maternite, hospitali ya wazazi, wakaja kwangu, kama ilivyo desturi kwa aliyejifungua. Mume wake alikuwa kazini Kaniama. Mtoto alikuwa mdogo mpaka mume wangu alikataa kumbeba, alisema mikono yake imezoea vyuma. Muuguzi alitupa maelekezo yote, namna ya kumweka kifuani apate joto, siku za kurudi kumpima, na tuliyafuata. Lakini binti yangu hakumwita mtoto wake "mutoto yangu" hata siku moja. Alimwita mugeni. "Mugeni amelala?" "Mugeni amenyonya kidogo." Mgeni unamkaribisha, unamlisha, na unajua ataondoka. Kila aliposema neno lile mimi nilihisi kuchomwa.

Mama akasema siku ya uzi imefika.

"Hapana nailoni," binti yangu alisema. Alikuwa hajaongea kwa sauti kubwa hivyo tangu afike. "Ile ya soko iliteleza." Kisha akanigeukia. "Mama, fanya weye. Weye njo unajua nyuzi. Unifanyie wenye kushika."

Moyo wangu ulivimba, sitaficha. Huyu ndiye aliyekuwa akinicheka kwa ajili ya mbwa, aliyewaambia marafiki zake kwamba mama yake anachana wanyama wa watu. Sasa ananitazama kana kwamba nimeshika mlango na ufunguo. Pamba haikuwezekana. Mbuzi anawasha, sufi haina nguvu, mbwa, Mungu apishe mbali. Nikachukua nanasi langu bora. Nilichagua nyuzinyuzi moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Nikasokota, nikapota mbili, na zile mbili nikazipota tena na mbili nyingine. Nikaulainisha uzi kwa mawese, nikaukalisha shingoni kwangu toka asubuhi mpaka jioni kuona kama unachoma. Haukuchoma. Ulikuwa mwembamba, mweupe, wa kupendeza, na mpaka leo nasema hakuna mtu mjini hapa angeutengeneza.

Mama aliushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote za uzee.

"Hii uzi iko na nguvu," alisema.

Nikasema aksanti, mama. Nilidhani ananisifu.

Akamfunga mtoto, akisema maneno yake ya Kiluba polepole, uzi umelegea kiasi cha kidole kupita. Kuanzia hapo binti yangu alianza kila siku kwa kuingiza kidole chake kidogo chini ya uzi. Kwenye mizani ya maternite walimwambia anaongezeka, akaitikia kwa heshima tu. Mizani ilimwambia hivyo hivyo kuhusu yule wa kwanza, mwanzoni. Yeye aliuamini uzi. Na uzi haukushuka. Siku zikaenda, mtoto akaanza kunyonya kwa kelele, akapata shingo, akapata mashavu, na kidole kikaanza kupita kwa shida, kisha kikagoma kupita. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa akimbeba na kumwita "muke yangu mudogo", alienda sokoni akaleta jogoo. Tukamfunga mguu kwenye mwembe wa uani. Uzi ungekatika siku yoyote.

Tukangoja. Jogoo alikula, akawika, akanenepa. Mtoto naye akanenepa. Uzi haukukatika.

Asubuhi moja nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nilisikia binti yangu akiniita kwa sauti ambayo mama yeyote anaijua. Nikakimbia. Alikuwa amemlaza mtoto kitandani, amemvua, na pale kiunoni uzi wangu mzuri ulikuwa umezama kwenye nyama. Pembeni yake ngozi ilikuwa imechora mstari mwekundu. Mtoto alikuwa analia, si kilio cha njaa. Binti yangu alikuwa ameshika mkasi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Ondosha ile chuma," alisema. "Ukikata na chuma, umemukata yeye. Minyi sitaki kuona tena mutoto anakufa mu hii nyumba."

"Unamubana, nkambo! Unamubana!" binti yangu alilia. "Ile ya kwanza ilianguka, hii inamunyonga. Minyi njo nifanye nini? Mugeni akienda, munisemeshe nini tena?"

Mume wangu akaingia na koleo mkononi. Koleo! Mama akapiga ukelele. Binti yangu akausogeza mkasi. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikijua kitu ambacho wao hawakukijua sawasawa kama mimi: kwamba uzi ule ulishika bidon iliyojaa maji tangu asubuhi mpaka mchana bila kutikisika, na hakuna tumbo la mtoto mchanga duniani linaloweza kuushinda. Tuliogopa wa kuteleza, tukatengeneza wa kutokatika, na kazi ya uzi wa mtoto ni kukatika. Hilo ndilo mama alilokuwa akiniambia siku ile, na mimi nikasema aksanti.

Nilikasirika. Nikikasirika, sauti yangu ni ile ya dirisha la tiketi siku treni imejaa.

"Nyamazeni bote! Weye, weka mkasi chini. Weye, rudisha ile koleo kwa mafundi benzako. Mama, kaa. Munipe mutoto."

Wakanipa.

Nikamlaza mapajani mwangu, kwenye mwanga wa mlango. Nikapaka mawese pale uzi ulipozama, nikatelezesha ncha ya kidole mpaka nikaupata. Kufungua mafundo hakukuruhusiwa, na sikuyagusa. Nilishika uzi upande wa mbali na mafundo, nikaanza kuuzungusha kinyume na nilivyoupota. Aliyefunga njia ndiye anayejua kuifungua. Polepole ile mipoto minne ikaachana. Nikachukua mmoja, nikauzungusha upande mwingine, nao ukafunguka, na ndani yake nyuzinyuzi za nanasi zikalala wazi, nyembamba mno, zile zile nilizozichagua moja moja dirishani. Wanasema umoja ni nguvu. Basi mimi nikauvunja umoja.

Nikaomba sindano yangu ya kufumia.

"Iko chuma?" mama aliuliza haraka.

"Hapana, mama. Iko mbao."

Nikainua unyuzi mmoja kwa ncha ya sindano, nikaubana kati ya kucha zangu mbili, ukakatika. Nikainua mwingine. Kila mmoja peke yake ulikuwa si kitu. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu akimshika mtoto miguu, jasho linamtiririka, na sikuwa nikimwangalia, macho yangu yalikuwa kwenye nyuzi. Mpoto wa kwanza ukaisha. Wa pili. Mtoto akapunguza kilio, akashika hewa, akaanza kulamba ngumi yake. Mpoto wa tatu ukaisha. Uzi uliobaki ukaanza kupumua kidogo juu ya ngozi, na ule mstari mwekundu ukaonekana wote, ngozi haijachanika popote. Nikaanza wa nne.

"Simama," mama alisema. Alikuwa ameinama juu yangu, macho yake yenye ukungu karibu na tumbo la mtoto, ananusa kazi yangu. "Wacha ile yenye inabakia. Ile njo kazi yake."

Nikatoa mikono. Zilikuwa zimebaki nyuzinyuzi chache, si nyingi, lakini najua nanasi langu: hazingekatika kwa kupulizwa.

Binti yangu akamchukua, akampa ziwa. Mtoto akanyonya, akanyonya, tumbo likajaa likawa ngoma, na uzi ukashika. Mume wangu alianza kusema kitu, nikamtolea macho. Kisha binti yangu akamtoa kwenye ziwa ili amcheulishe, na yule mtoto, ambaye hakuwa ameshiba kwa hesabu yake mwenyewe, alikasirika. Alikasirika kweli, kama mtu wa ukoo wangu. Alikunja ngumi, akajaza kifua, tumbo likasimama, akapiga yowe moja ambalo hata jogoo wa uani alilijibu. Uzi ukakatika. Hatukusikia sauti yoyote. Tuliona tu umeanguka kwenye kitenge cha mama yake.

Binti yangu aliuokota, akauinua juu ya mwanga, akaangalia ncha yake iliyochakaa.

"Amekata," alisema. Kisha akasema tena, sasa machozi yanatiririka na meno yote yako nje: "Mutoto yangu amekata! Mama, unaona? Mutoto yangu amekata yeye mwenyewe!"

"Eyo vidye!" mama akaitikia kwa Kiluba, neno la heshima anayopewa mkubwa, akikipa kitu kidogo kile kilichokuwa bado kinapiga kelele. Kisha akapiga kigelegele ambacho sikujua kama bado anacho kifuani. Majirani wakaja mbio, hata mwenye mbwa. Mume wangu alikimbilia uani na magoti yake mabovu, na jogoo, aliyekula kwetu bure muda wote ule, alijua.

Kuna watu wameniambia kwamba mimi ndiye niliyeukata, na mtoto alimalizia tu. Nawajibu kwamba wao wamalizie basi. Nina nanasi lingine ndani, nitawasokotea nyuzinyuzi idadi ile ile, wazifunge kiunoni na wapige yowe. Bado sijampata anayekubali.

Baada ya kula ulibaki uzi wa pili, maana kiuno hakiachwi wazi. Nilikuwa nawaza nichanganye nini na nini. Mama alinawa mikono ya mchuzi wa kuku, akakaa kwenye kigoda chake, lakini ndani.

"Leta ile pamba yako."

"Pamba gani, mama?"

"Ile uliweka kwa mwenye mbwa. Unafikiri macho ikikufa, na masikio inakufa?"

Nikaenda kuuchukua mfuko. Niliuweka mbele yake nikabaki nimesimama, nikingoja kama angebadili mawazo. Aliingiza mkono, akatoa tumba moja, na vidole vyake vikaanza kutoa mbegu. Alikuwa hajachambua pamba tangu utoto wake na vidole havikuhitaji kukumbushwa. Mbegu zilikuwa zinaanguka kwenye sahani moja baada ya nyingine, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa chini karibu naye nikapokea pamba aliyoisafisha.

"Tuliifanyia kazi sana," alisema. "Leo ifanyie huyu kazi."

Uzi wa pamba kwa mtoto ni uzi mgumu kuliko nyuzi zote nilizowahi kutengeneza, na nimejaribu nyingi. Nyuzinyuzi zake ni fupi. Ukisokota kidogo mno, unaachana ukiwa bado kwenye kijiti. Ukisokota sana, unakuwa na kiburi. Nilitaka uzi mmoja, bila kupota, wenye kushika mtoto anapogeuka usingizini na wenye kukubali kushindwa siku anaponenepa. Niliharibu mwingi. Nilikuwa nafunga kila kipande kwenye kifundo cha mkono wangu na kukunja ngumi, kukikata, kurudi, mpaka nikaujua ukingo ule kwa vidole. Mama aliuvuta kidogo tu, akauachia.

"Sasa hii njo uzi," alisema. Safari hii nilijua ni sifa, na nilikaa nayo siku nzima.

Yule msichana ameukata wa pamba, na mwingine, na mwingine, kila mara bila mstari wowote kwenye ngozi. Wanawake wawili mtaani wameniomba wa watoto wao, nami nimewapa, baada ya kuwakumbusha kwanza nani alisema natengeneza dawa. Mama ndiye anayetoa mbegu, ndani ya nyumba, na akiona pamba ina takataka ananisema mimi.

Kwenye kabati langu la kioo, pale ambapo watu wengine wanaweka vikombe vya harusi, nimepanga kazi zangu: uzi wa mbwa, wa mbuzi, wa sweta na kondoo, sufi iliyochanganywa, na fundo kubwa la nanasi linalong'aa. Wageni huanza kwa kulishangaa lile. Lakini mbele ya vyote nimeweka kipande kifupi, kimekatika, kina rangi ya mawese, mafundo ya mama yangu bado yapo. Wananiuliza kwa nini nimeweka kitu kibovu mahali pa heshima. Nawaambia mimi nilikitengeneza tu, aliyekikata ni mwingine, na kama wanataka kumuuliza, yuko pale uani anamfukuza mbwa wa jirani, na mama yake anamkimbilia nyuma akimwita: mutoto yangu, mutoto yangu, rudi hapa.